Majira ya kuchipua Bologna: hatua kwa hatua, kuanzia katikati ya Machi hadi Juni 2

Kila Aprili maswali ni yale yale. Mbona joto la nyumba limezimwa na asubuhi bado tunatetemeka? Mafua gani haya yasiyo na homa, wiki ya tatu sasa? Mbona leo ni Jumatatu na hakuna duka lililo wazi? Wengi wanaouliza walifika Septemba kwa ajili ya chuo au kazi, wakapambana na baridi mpaka wakaizoea, na sasa jua limetoka wanadhani shida zimekwisha.

Shika jambo moja kwanza: katika mji wa Italia, majira haya huendeshwa na kalenda. Joto la nyumba huzimwa kwa tarehe, saa husogezwa kwa tarehe, hesabu za kodi hufunguliwa kwa tarehe, na ofisi haziangalii kama nje kuna jua au mvua ya barafu. Ukizijua tarehe hizo, hii ndiyo miezi mitamu kuliko yote ya mwaka. Usipozijua, kila wiki utajikuta umechelewa.

Tumeandika kwa ajili ya Bologna. Ukiwa Milano au Torino, karibu yote yanakuhusu vilevile. Roma joto huwashwa baadaye lakini huzimwa siku ile ile. Napoli huzimwa mapema, Machi 31.

Wenyeji huyaita majira haya «primavera». Usiyafananishe na masika ya nyumbani. Miezi inalingana, Machi hadi Mei, na mvua ipo, ila hapa mvua hunyesha nyembamba na ndefu, na baridi hurudi usiku mmoja bila kupiga hodi. Bahati nzuri Bologna ina kilomita 62 za vibaraza vyenye mapaa juu ya njia, «portici», vilivyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2021. Ukijifunza kupita humo, utavuka mji mzima kwenye mvua na mwavuli umefungwa.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

- «Tessera sanitaria», kadi ya afya yenye namba yako ya kodi («codice fiscale»). Itembee nawe kila siku, hata duka la dawa.
- SPID, utambulisho wa kidijitali wa kuingilia tovuti za serikali, au kitambulisho cha kielektroniki (CIE) pamoja na namba zake za siri. Bila kimoja kati ya hivi, tovuti za serikali hazikufungukii.
- Nakala ya mkataba wa nyumba pamoja na karatasi inayoonyesha kwamba umesajiliwa. Mwenye nyumba anatakiwa kuusajili ndani ya siku 30. Kama hajakupa karatasi hiyo, iombe sasa, kwa maandishi.
- Bahasha moja kubwa ya risiti. Moja tu, isiwe droo tatu.
- Kianikio cha nguo cha kukunja («stendino») na blanketi jepesi la ziada.
- Wavu wa mbu wa dirishani («zanzariera»).
- Kama una roshani: sanduku la kupandia, udongo wa mifuko («terriccio») na mbegu. Hili tutalifikia, na tutakaa nalo.

HATUA

1. Machi 16: dai CU yako.

CU («Certificazione Unica») ni karatasi ya mwajiri inayoonyesha ulilipwa kiasi gani mwaka uliopita na ulikatwa kodi kiasi gani. Mwajiri anatakiwa kukupa kufikia Machi 16. Kama ulifanya kazi sehemu mbili, unahitaji CU mbili, na hapa ndipo watu huumia: wanapeleka moja, hesabu inatoka na upungufu, kisha wanadaiwa. Ulifanya kazi ya msimu kwenye mgahawa miezi miwili ukaondoka? Rudi ukaichukue.

2. Jumapili ya mwisho ya Machi: saa inasogea mbele.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, saa nane usiku inakuwa saa tisa. Simu hujibadilisha yenyewe. Saa ya ukutani na ya jiko hazijibadilishi. Kinachowasumbua wageni zaidi ni hesabu ya nyumbani. Wakati wa baridi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ziko mbele ya Bologna kwa saa mbili. Kuanzia Jumapili hiyo ni saa moja. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi zinakuwa sawasawa na Bologna. Kinshasa inabaki nyuma kwa saa moja. Muscat inatoka saa tatu hadi mbili. Kama una kikao cha mtandaoni cha kila wiki na watu wa nyumbani, watangazie Ijumaa.

Kwa Waislamu: ratiba ya swala mliyobandika ukutani mwezi wa pili haifai tena. Magharibi inasogea kwa saa nzima kwa mkupuo, kisha inaendelea kuchelewa hadi Juni, jua linapozama baada ya saa tatu usiku.

3. Kabla ya Aprili 15: iandae nyumba kukaa bila joto.

Sheria ya taifa imeigawa nchi kwa kanda za baridi. Bologna iko kanda E: joto linaruhusiwa kuanzia Oktoba 15 hadi Aprili 15, si zaidi ya saa 14 kwa siku. Meya anaweza kuongeza siku kama baridi imekazana, kwa hiyo tazama tangazo la manispaa kabla ya kulalamika.

Kwanza jua una mfumo gani. Kama joto ni la jengo zima («centralizzato»), litazimwa bila kukuuliza. Kama una boila yako mwenyewe («autonomo»), igeuze kwenye alama ya bomba la maji au ya jua: itaendelea kukupa maji ya moto na kuacha kupasha vyumba. Usiizime kabisa. Ukiizima utaoga maji baridi, na wengi huita fundi bure kwa kosa hili tu. Ukiwa hapo soma na kipimo cha presha: mfumo ukiwa baridi, sindano ikae kati ya 1 na 1.5 bar.

Kisha nenda kwenye kila termosifoni, yale mabomba ya chuma ya ukutani. Kama koki yake ina namba 1 hadi 5, ifungue mpaka mwisho na uiache hivyo hadi Oktoba. Ukiifunga miezi sita, kipini cha ndani hunata, na siku ya kuwasha joto termosifoni moja itabaki baridi huku nyingine zikichemka.

Wiki mbili hadi tatu baada ya kuzimwa ndizo mbaya zaidi, kwa sababu kuta nene za nyumba za zamani bado zimeshika baridi ya Februari. Nje unaweza kukuta nyuzi 20 na ndani 16. Hapo ndipo ukungu mweusi huota kwenye kona za chumba cha kulala na nyuma ya kabati. Sababu ni unyevu: mnapumua, mnapika, mnaanika nguo ndani, na ukuta baridi unaugeuza mvuke kuwa maji. Fungua madirisha mawili yanayotazamana kwa dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni. Kuacha dirisha moja nusu wazi kutwa nzima hakusaidii; kunapoza ukuta tu. Vuta kabati sentimita 5 kutoka ukutani ili hewa ipite.

Onyo la hita ya umeme: mikataba mingi ya umeme wa nyumbani ni ya kilowati 3. Hita moja peke yake hula 2. Ukiongeza oveni au mashine ya kufulia inayopasha maji, swichi kuu inaruka na nyumba nzima inakuwa giza. Kimoja kwa wakati mmoja. Na usichomeke hita kwenye waya wa kurefusha wa bei rahisi. Waya huo hupata moto kabla hujanusa chochote.

4. Nguo: vaa kama kitunguu.

Wenyeji husema «vestirsi a cipolla», kuvaa kama kitunguu, tabaka juu ya tabaka. Mwezi Aprili utatoka asubuhi kwenye nyuzi 7 na kurudi saa tisa alasiri kwenye 21. Fulana, shati, sweta jepesi, koti la upepo, na mkoba wa kuwekea unavyovivua. Koti zito lisiingie kabatini kabla ya katikati ya Mei. Likiingia, liwe limefuliwa: nondo wanaokula sufu hufuata jasho na mabaki ya chakula kwenye kitambaa, na mfuko wa maua ya mrujuani (lavanda) haumfukuzi nondo kutoka kwenye sweta chafu.

5. Pua na macho: tofautisha mafua na chavua.

Mafua huja na homa au maumivu ya mwili, na wiki moja au mbili yamekwisha. Aleji ya chavua haina homa. Macho yanawasha, kamasi ni maji meupe, unapiga chafya kumi mfululizo, na hali inazidi siku kavu yenye upepo. Mvua ndefu ikinyesha, unapata nafuu.

Wengi hushangaa: «Mwaka jana sikuwa na kitu.» Ndivyo inavyokuwa. Mwili huhitaji kukutana na chavua ya miti na majani ya huku kwa msimu mmoja au zaidi ndipo uanze kuikataa. Mwaka wa pili au wa tatu wa kukaa Italia ndio huwaangusha wageni wengi.

Mwezi Mei utaona pamba nyeupe zikiruka hewani na kujikusanya pembeni mwa njia. Hizo ni za mpopla («pioppo»), na kila mtu huzilaumu. Mkosaji mara nyingi ni majani ya jamii ya nyasi («graminacee»), yanayotoa chavua wakati ule ule bila kuonekana. Idara ya mazingira ya mkoa, ARPAE, hutoa taarifa ya chavua kila wiki. Angalia safu ya «graminacee» ndipo upange matembezi.

La kufanya: nenda duka la dawa useme «un antistaminico senza ricetta, che non dia troppa sonnolenza», yaani dawa ya aleji isiyohitaji cheti cha daktari na isiyoleta usingizi mwingi. Mara nyingi utapewa cetirizina au loratadina. Kwa mtu mzima kawaida ni kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye matatizo ya figo wamwambie mfamasia kabla ya kupokea. Ukirudi nyumbani nawa uso na nywele, na nguo za nje zisipande kitandani. Dawa za kuzibua pua za kupuliza zisizidi siku tano, maana baada ya hapo pua huziba kwa sababu ya dawa yenyewe.

Kila unaponunua dawa, toa tessera sanitaria kabla ya kulipa ili risiti itoke na codice fiscale yako. Tia kwenye bahasha. Utaelewa kwa nini hatua ya 11.

6. Weka alama za sikukuu na ununue chakula siku moja kabla.

Pasaka ya 2026 ni Aprili 5. Ya 2027 ni Machi 28. Jumatatu yake («Pasquetta») ni mapumziko. Ijumaa Kuu, tofauti na Kenya na Tanzania, ni siku ya kazi ya kawaida, usikose ofisini. Kisha Aprili 25, siku ya ukombozi, Mei 1, na Juni 2, siku ya Jamhuri. Bologna yenyewe ilikombolewa Aprili 21, 1945, na Aprili 25 mtaa wa Pratello hujaa watu, muziki na chakula kuanzia mchana. Nenda, ni siku inayokufundisha mji huu kuliko kitabu.

Mei 1 mabasi hupungua sana na maduka makubwa mengi hufungwa. Sikukuu ikiangukia Alhamisi, watu huunganisha Ijumaa na kuondoka. Huita hivyo «ponte», daraja. Usipange miadi ya ofisi kwenye daraja. Jumamosi na Jumapili, na sikukuu pia, barabara za Rizzoli, Ugo Bassi na Indipendenza hufungwa kwa magari na mabasi huzungushwa, kwa hiyo ongeza dakika 20 ukienda stesheni.

Migomo ya usafiri hupenda Ijumaa. Treni za mkoa siku za kazi hulindwa saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Safiri ndani ya saa hizo.

Kama unamsubiri mgeni, usimwalike wiki ya maonyesho ya vitabu vya watoto au ya vipodozi, Machi na Aprili. Vyumba vya wageni hupanda bei kupita kiasi.

7. Sokoni: nunua cha msimu, na ujihadhari na fave.

Mercato delle Erbe, kwenye Via Ugo Bassi, na soko la Via Albani kule Bolognina ndiyo mahali pa kuanzia. Aprili ni asparagasi za Altedo, kijiji cha hapa jirani, na njegere mbichi. Mei ni stroberi. Mwisho wa Mei huanza cheri za Vignola. Usishike tunda kwa mkono wako kwenye genge. Onyesha kwa kidole, muuzaji akuchagulie. Bei ya jibini na nyama iliyokatwa huandikwa kwa «etto», yaani gramu 100. Anayedhani ni bei ya kilo hushtuka mbele ya mashine ya kulipia.

Ukitafuta mboga ya kuungia badala ya mchicha, chukua «bietole» au «spinaci». Mchicha wenyewe, ule mwekundu, tafuta kwenye maduka ya Wabangladeshi. Wao huuita lal shak.

Sasa sikiliza hili vizuri. Fave ni maharage mapana ya kijani, huuzwa mbichi yakiwa kwenye maganda na huliwa hivyo hivyo na jibini. Mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD akiyala, chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Upungufu huu ni wa kurithi, na uko mwingi kwenye maeneo ya malaria, pwani yetu ikiwemo. Wengi hawajijui. Kama uliwahi kuambiwa usinywe primaquine, dawa ya malaria, au kuna ndugu aliyewahi kupungukiwa damu ghafla baada ya dawa, usionje fave wala usimpe mtoto mpaka upimwe. Mwombe daktari wako kipimo cha «G6PD». Ndiyo maana maduka hubandika tangazo kwamba fave mbichi zinauzwa hapo. Dalili huja ndani ya siku moja au mbili: mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho ya njano, kuishiwa nguvu. Hiyo ni hospitali mara moja, na useme neno «fave» mlangoni.

8. Roshani: panda mchicha na sukuma, kila kimoja kwa wakati wake.

Kosa kubwa ni kupanda vyote siku ya kwanza ya jua. Sukuma wiki huvumilia baridi, mchicha hauvumilii.

Sukuma: sia mbegu katikati ya Machi kwenye vikombe dirishani, hamishia nje katikati ya Aprili miche ikiwa na majani manne. Ukikosa sukuma yenyewe, nunua mbegu za «cavolo riccio» au «cavolo nero». Ni ndugu wa karibu na huungwa vilevile. Mche mmoja kwa kila sentimita 30.

Mchicha: ngoja katikati ya Mei, usiku usioshuka chini ya nyuzi 12 au 13. Chukua sanduku la kina cha sentimita 20 au zaidi, hakikisha lina matundu chini, jaza udongo mpaka sentimita 3 kabla ya ukingo. Mbegu ni ndogo mno, kwa hiyo changanya kijiko kimoja cha chai na vijiko vinne vya mchanga mkavu, nyunyiza kwa mstari, funika kwa udongo wa nusu sentimita tu. Mwagilia kwa kunyunyiza. Ukimimina, mbegu zote zitakimbilia kona moja. Udongo ukiwa na joto, utaona nyuzi nyekundu na kijani zikichomoza siku ya tano hadi ya saba. Ikifika siku ya kumi na nne kimya, mbegu zimeoza kwa baridi. Usichimbue, sia upya. Punguza mpaka miche iachane sentimita 10, na hiyo unayong'oa ndiyo mboga yako ya kwanza. Baada ya wiki nne hadi sita kata shina, ukibakiza macho mawili au matatu chini, nao utachipua tena.

Mbegu zinunuliwe ndani ya Umoja wa Ulaya. Kuleta za nyumbani kwenye begi bila cheti cha afya ya mimea hairuhusiwi, na zikionekana uwanjani zitachukuliwa. Tena mwagilia taratibu: maji yanayodondokea roshani ya jirani wa chini huanzisha ugomvi unaofika hadi kikao cha jengo.

9. Kuanzia Aprili: maliza maji yaliyotuama.

«Zanzara tigre» ni mbu mdogo mweusi mwenye mistari myeupe, na huuma mchana. Mayai yake hukaa baridi nzima yakiwa makavu, yakisubiri maji. Mwaga maji ya visahani vya chini ya vyungu kila baada ya siku tano, ukikisugua kisahani, maana mayai hugandia ukingoni. Kwenye shimo la maji machafu la uani weka dawa ya viluwiluwi. Manispaa za mkoa huu hutoa amri ya kufanya hivyo kila msimu, na anayepuuza hutozwa faini.

Malaria haiambukizwi hapa kama nyumbani, lakini huyu mbu hubeba chikungunya na dengue. Neno chikungunya lenyewe ni la Kimakonde, kwa sababu ugonjwa huo ulielezwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Mwaka 2007 ulizuka mkoa huu huu, upande wa Ravenna, baada ya msafiri mmoja kuja nao.

10. Mei: shughulikia kibali cha kuishi kabla ya safari ya kiangazi.

Kama «permesso di soggiorno» yako inaisha kati ya Julai na Septemba, anza Mei. Maombi ya kuhuisha hupelekwa siku 60 kabla. Chukua bahasha ya fomu bure kwenye posta yenye «Sportello Amico». Gharama: stempu («marca da bollo») euro 16, kadi euro 30.46, posta euro 30, na mchango wa euro 40 kwa kibali cha hadi mwaka mmoja au 50 kwa zaidi ya mwaka hadi miwili. Kwa kibali cha mwaka mmoja jumla ni euro 116.46. Ipeleke bahasha ikiwa wazi; ukiigundisha gundi, karani ataikataa au kuichana.

Utapewa risiti. Itunze kama pasipoti. Kwa risiti hiyo pamoja na pasipoti na kibali cha zamani unaweza kwenda nyumbani na kurudi, lakini bila kupitia nchi nyingine ya Schengen. Tiketi ya kupitia Amsterdam, Frankfurt au Zurich itakukwamisha. Pitia Istanbul, Doha, Cairo au Addis Ababa. Tiketi nyingi za bei nafuu huchanganya, kwa hiyo soma kila kituo, kwenda na kurudi.

11. Katikati ya Mei: fungua hesabu ya 730.

«730 precompilata», fomu ya kodi ya mapato iliyojazwa tayari, huonekana kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi (Agenzia delle Entrate) kuanzia Aprili 30. Kuibadilisha na kuituma huanza katikati ya Mei hadi Septemba 30. Usingoje Septemba: anayetuma mapema hurudishiwa pesa kwenye mshahara kuanzia Julai.

Sasa fungua ile bahasha. Gharama za matibabu zinazozidi euro 129.11 hurudisha asilimia 19. Ulitumia euro 400? Toa 129.11, inabaki 270.89, na asilimia 19 yake ni euro 51.47. Dawa unaweza kulipa taslimu. Daktari binafsi lipa kwa kadi, la sivyo haihesabiki.

Pango pia hurudisha, kama mkataba umesajiliwa na nyumba hiyo ndiyo makazi yako makuu. Kwa mkataba wa kawaida ni euro 300 kwa mwenye kipato kisichozidi 15,493.71, na 150 kisichozidi 30,987.41. Kwa mkataba wa pango nafuu («canone concordato») ni 495.80 na 247.90. Mkiwa watatu kwenye mkataba, mnagawana. Mambo haya hayajazwi yenyewe. Wewe ndiye wa kuandika. Ukikwama, nenda ofisi ya CAF, wanaosaidia watu kujaza fomu za kodi, na karatasi zote, ila weka miadi Aprili, maana Juni foleni hujaa.

YAKITOKEA MATATIZO

Ukungu umeota ukutani. Futa kwa dawa ya «antimuffa», dirisha wazi na glavu mkononi, usichanganye na kemikali nyingine. Piga picha zenye tarehe kabla ya kufuta. Kama unarudi sehemu ile ile licha ya kupitisha hewa, huenda kuna bomba linavuja. Mwandikie mwenye nyumba ukiambatisha picha.

Umeme unaruka kila jioni. Zima vyote, rudisha swichi, washa kimoja kimoja. Ukiruka hata bila kitu kuwashwa, hilo si suala la kilowati, ita fundi.

Aleji haishi kwa kidonge. Wiki mbili bila nafuu, nenda kwa «medico di base», daktari wako wa kawaida. Kifua kikibana au ukipiga miluzi unapopumua, usisubiri miadi. Radi zinapoanza kupiga msimu wa chavua, wenye pumu wafunge madirisha, kwani dhoruba hupasua chavua vipande vidogo vinavyofika mapafuni.

Nguo: unahitaji kuzianika ndani kwa sababu ya chavua, lakini ndani zinaleta ukungu. Anika bafuni, mlango umefungwa na dirisha wazi. Mashuka yaanikwe nje siku inayofuata mvua.

Kupe amekuganda baada ya matembezi ya milimani. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta polepole moja kwa moja. Usimpake mafuta wala kumchoma. Andika tarehe; ukiona duara jekundu linalotanuka ndani ya mwezi mmoja, nenda kwa daktari.

Umerudi kutoka nyumbani baada ya Pasaka na una homa. Usijitibu kwa paracetamol ukisubiri ipite. Aliyekaa Ulaya miaka kadhaa hupoteza sehemu ya kinga yake dhidi ya malaria, na huumwa vibaya kuliko alivyozoea. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, au piga 112, namba ya dharura, kama umelegea, na sentensi ya kwanza iwe: «Sono tornato da poco dall'Africa orientale, ho la febbre, potrebbe essere malaria.» Yaani: nimerudi karibuni kutoka Afrika Mashariki, nina homa, huenda ni malaria. Mwanamke aseme «tornata». Usiposema, mezani wataandika mafua na utakaa kwenye benchi saa nyingi. Taja nchi, taja tarehe ya kurudi, na uombe kipimo cha damu.